Kaboni: Atomu Moja, Sura Nyingi

Malengo ya mada

Ukimaliza mada hii uweze:
1. kueleza muundo wa atomu ya kaboni na isotopu zake;
2. kueleza kwa nini kaboni huunda vifungo kovalenti;
3. kulinganisha almasi na grafiti kwa kutumia muundo wao;
4. kuandika na kusawazisha milinganyo ya kaboni ikiungua na ikiondoa oksijeni kwenye oksaidi za metali;
5. kueleza kwa nini jiko la mkaa ni hatari ndani ya chumba kilichofungwa.

1. Utangulizi

Kaboni ni simetali unayokutana nayo kila siku. Mkaa wa jikoni ni kaboni yenye uchafu kidogo. Masizi yanayoganda chini ya sufuria ni kaboni. Ile sehemu nyeusi inayoandika ndani ya kalamu ya risasi ni kaboni iitwayo grafiti, ambayo wachimbaji wa Tanzania huiita kinywe na huipata sehemu kama Mahenge mkoani Morogoro na Merelani mkoani Manyara. Almasi inayochimbwa Mwadui mkoani Shinyanga nayo ni kaboni.

Hapa wanafunzi wengi husita. Mkaa na almasi vipi viwe kitu kimoja? Mwaka 1797 mkemia Mwingereza Smithson Tennant alichoma almasi na kupima gesi iliyotoka. Alikuta kwamba almasi ikiungua hutoa kabonidayoksaidi kiasi kilekile kinachotolewa na mkaa wa uzito huohuo. Atomu ni zilezile. Kilichotofautiana ni jinsi zilivyopangwa na kuunganishwa.

Shika wazo hili, maana maswali mengi ya mada hii yanalizunguka:

Atomu huamua aina ya kifungo. Kifungo na mpangilio huamua tabia.

Swali likikuuliza "kwa nini", jibu lako lazima lipite katika njia hiyo. Ukirukia tabia bila kutaja muundo, utapoteza alama hata kama ulichoandika ni kweli.

2. Muundo wa atomu ya kaboni

Alama ya kaboni ni C na namba atomia yake ni 6. Namba atomia ni idadi ya protoni katika kiini. Atomu haina chaji kwa ujumla, kwa hiyo idadi ya elektroni nayo ni 6.

Elektroni hizo 6 hujipanga hivi:
- mzingo wa kwanza: elektroni 2 (umejaa);
- mzingo wa pili: elektroni 4.

Huandikwa 2:4. Mizingo ni miwili, ndiyo maana kaboni iko katika kipindi cha 2 cha jedwali la elementi. Elektroni za mzingo wa nje ni nne, ndiyo maana iko katika Kundi la IV. Ukiujua mpangilio wa elektroni huna haja ya kukariri mahali pa elementi kwenye jedwali.

Isotopu za kaboni

Isotopu ni atomu za elementi moja zenye idadi sawa ya protoni lakini idadi tofauti ya nyutroni. Kaboni ya asili ina isotopu tatu:

| Isotopu | Protoni | Nyutroni | Elektroni | Namba ya masi |
|---|---|---|---|---|
| Kaboni-12 | 6 | 6 | 6 | 12 |
| Kaboni-13 | 6 | 7 | 6 | 13 |
| Kaboni-14 | 6 | 8 | 6 | 14 |

Kaboni-12 ni karibu asilimia 98.9 ya kaboni yote, na kaboni-13 ni karibu asilimia 1.1. Kaboni-14 ni kidogo mno. Kutokana na namba hizo tunapata uzito atomia wa wastani:

(98.9 × 12 + 1.1 × 13) ÷ 100 = (1186.8 + 14.3) ÷ 100 = 12.01

Katika mahesabu ya kawaida tunatumia 12.

Kaboni-14 ni nururishi, yaani kiini chake huvunjika polepole. Nusu ya kiasi chake hupotea kila baada ya miaka 5,730 hivi. Mmea au mnyama akiwa hai, huendelea kupata kaboni mpya kutoka hewani au katika chakula. Akifa, kaboni-14 iliyomo mwilini hupungua bila kuongezwa. Kwa kupima kiasi kilichobaki, wanaakiolojia hukadiria umri wa mabaki ya mkaa, mifupa na mbao. Willard Libby alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1960 kwa kubuni njia hii.

*Kumbuka:* isotopu zote tatu zina tabia sawa za kikemia kwa sababu zina mpangilio uleule wa elektroni, 2:4. Nyutroni hubadili uzito, hazibadili namna atomu inavyoungana na nyingine.

3. Kwa nini kaboni huunda vifungo kovalenti

Atomu huwa tulivu mzingo wake wa nje unapojaa, kama ulivyo wa gesi adimu. Kaboni ina elektroni 4 nje na inahitaji 8. Tuzipime njia tatu zinazoonekana kuwapo.

*Njia ya kwanza:* ipoteze elektroni 4 na kuwa ioni C⁴⁺. Kila elektroni inayotoka huacha kiini kikizivuta kwa nguvu zaidi zile zilizobaki. Kung'oa nne kunahitaji nishati kubwa mno.

*Njia ya pili:* ipokee elektroni 4 na kuwa ioni C⁴⁻. Kiini chenye protoni 6 tu kingelazimika kushikilia elektroni 10. Elektroni hizo husukumana zenyewe kwa zenyewe, na hilo nalo ni gumu.

*Njia ya tatu:* ishirikiane elektroni na atomu nyingine. Hapa hakuna anayepoteza na hakuna anayenyang'anywa. Kila atomu hutoa elektroni moja, jozi inayopatikana huhesabiwa kwa zote mbili. Jozi hiyo ya ushirika ndiyo kifungo kovalenti.

Kaboni huchukua njia ya tatu. Kwa kuwa ina elektroni nne za kushirikisha, huunda vifungo vinne. Tunasema valensi yake ni 4.

*Mfano wa 1: Methani, CH₄.* Kaboni moja hushirikiana na haidrojeni nne. Kila haidrojeni hupata elektroni 2, na kaboni hupata 8. Vifungo vinne vya mmojammoja.

*Mfano wa 2: Kabonidayoksaidi, CO₂.* Oksijeni ina elektroni 6 nje na inahitaji 2 zaidi. Kaboni hushirikisha elektroni mbili na oksijeni ya kushoto na mbili na ya kulia. Vinapatikana vifungo viwili vya maradufu: O=C=O. Hesabu: kaboni bado ina vifungo vinne.

Kaboni ina jambo jingine la pekee. Atomu zake huungana zenyewe kwa zenyewe kwa vifungo imara, zikaunda minyororo mirefu, matawi na pete. Ndiyo sababu sukari, mafuta ya kula, petroli, plastiki, pamba na miili yetu vimejengwa juu ya kaboni.

4. Alotropi za kaboni

Alotropi ni sura mbalimbali za elementi moja zikiwa katika hali ileile, kwa mfano zote zikiwa mango. Tofauti yake na isotopu ni hii: isotopu hutofautiana *ndani ya kiini*, alotropi hutofautiana *katika mpangilio wa atomu*. Usizichanganye. Kila mwaka kuna wanaozichanganya.

4.1 Almasi

Katika almasi kila atomu ya kaboni imeungana na atomu nyingine nne kwa vifungo kovalenti. Atomu hizo nne hukaa kwenye pembe za piramidi ambayo kitako chake ni pembetatu, na ile ya katikati hukaa ndani. Mpangilio huo hurudiwa kila upande, ukawa mtandao mmoja mkubwa. Hakuna molekuli ndogondogo ndani ya almasi. Kipande kizima ni muunganiko mmoja.

Kutoka muundo huo tunapata tabia zake:
- *Ni ngumu sana.* Ili kuikwaruza ni lazima uvunje vifungo vingi imara vinavyoshikana pande zote. Ndiyo maana hutumika kukata kioo na kwenye ncha za mashine za kuchoronga miamba.
- *Haipitishi umeme.* Elektroni zote nne za nje zimetumika kwenye vifungo. Hakuna elektroni huru ya kubeba umeme.
- *Hustahimili joto kali sana.* Sababu ni ileile: vifungo vingi imara.

4.2 Grafiti

Katika grafiti kila atomu imeungana na atomu tatu tu. Atomu hujipanga katika pembesita zilizoshikana kama sega la nyuki, zikafanya tabaka bapa. Tabaka hulala juu ya tabaka.

Sasa hesabu elektroni. Kaboni ina nne za nje. Tatu zimeingia kwenye vifungo. Ya nne haikufungwa mahali pamoja, hutembea huku na huku katika tabaka. Kati ya tabaka na tabaka hakuna kifungo kovalenti, kuna nguvu dhaifu za mvutano tu. Umbali kati ya atomu mbili zilizoungana ndani ya tabaka ni nanomita 0.142, lakini umbali kati ya tabaka moja na jingine ni nanomita 0.335, zaidi ya mara mbili.

Kutoka muundo huo:
- *Ni laini na huteleza.* Tabaka huteleza juu ya tabaka kwa urahisi. Unapoandika kwa kalamu ya risasi, tabaka za grafiti hubaki karatasini. Unga wake hulainisha makufuli na sehemu za mashine zenye joto kali, ambako mafuta yangeungua.
- *Hupitisha umeme.* Elektroni ya nne ya kila atomu ni huru kutembea. Ndiyo maana kijiti cheusi cha katikati ya betri ya tochi ya kawaida hutengenezwa kwa kaboni, na elektrodi nyingi za maabara ni za grafiti.
- *Hustahimili joto kali sana.* Usidanganywe na ulaini wake. Ili kuigeuza kuwa gesi ni lazima uvunje vifungo kovalenti vya ndani ya tabaka, na hivyo ni imara. Haigeuki gesi mpaka joto lipite nyuzi 3,600 za Selisiasi.

*Angalizo la lugha:* tunasema "kalamu ya risasi", lakini ndani yake hamna risasi, yaani ile metali yenye alama Pb. Kuna grafiti iliyochanganywa na udongo wa mfinyanzi. Udongo ukizidi, kalamu huwa ngumu na huandika hafifu (H). Grafiti ikizidi, huwa laini na nyeusi zaidi (B). Katika mtihani usiandike kwamba kalamu ya risasi ina metali ya risasi.

4.3 Jedwali la ulinganifu

| Kipengele | Almasi | Grafiti |
|---|---|---|
| Vifungo vya kila atomu | 4 | 3 |
| Mpangilio | Mtandao wa pande zote | Tabaka za pembesita |
| Elektroni huru | Hakuna | 1 kwa kila atomu |
| Ugumu | Ngumu sana | Laini, huteleza |
| Umeme | Haipitishi | Hupitisha |
| Densiti (g/cm³) | Karibu 3.5 | Karibu 2.3 |
| Mwonekano | Angavu | Nyeusi, hung'aa kidogo |

Angalia densiti. Nafasi kati ya tabaka za grafiti ni kubwa, kwa hiyo atomu chache huingia katika ujazo uleule. Hata densiti inaelezwa na muundo.

4.4 Sura nyingine

Mkaa na masizi huitwa kaboni isiyo na umbo maalumu, kwa kuwa hauoni fuwele ndani yake kwa macho. Mkaa hutengenezwa kwa kupasha kuni joto katika tanuri lililofunikwa majani na udongo ili hewa iwe kidogo. Mvuke na gesi hutoka, kaboni hubaki. Mkaa una vitundu vingi vidogo, na juu ya uso wa vitundu hivyo hunasa rangi na harufu. Kwa sababu hiyo mkaa uliotayarishwa maalumu hutumika kuchuja maji na kusafisha sukari.

Mwaka 1985 wanasayansi waligundua molekuli ya kaboni yenye atomu 60, C₆₀, yenye umbo kama mpira wa miguu. Harold Kroto, Robert Curl na Richard Smalley walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1996 kwa kazi hiyo. Tabaka moja tu la grafiti likitengwa peke yake huitwa grafini.

5. Tabia za kikemia

Katika joto la kawaida kaboni ni tulivu. Haimenyuki na maji wala asidi iliyozimuliwa. Ikipashwa joto, mambo mawili hutokea.

5.1 Huungua

Oksijeni ikitosha:

C + O₂ → CO₂

Oksijeni ikiwa kidogo:

2C + O₂ → 2CO

Gesi ya kwanza ni kabonidayoksaidi, ambayo hufanya maji ya chokaa yawe meupe kama maziwa. Ya pili ni kabonimonoksaidi, ambayo ni sumu.

5.2 Huondoa oksijeni kwenye oksaidi za metali

Kaboni moto hunyang'anya oksijeni kutoka kwa metali zilizo chini yake katika mfululizo wa umenyukaji, kama zinki, chuma, risasi na shaba:

2CuO + C → 2Cu + CO₂

Utaona unga mweusi ukibadilika kuwa mwekundu wa hudhurungi, rangi ya shaba.

Katika tanuri la chuma kazi kubwa hufanywa na kabonimonoksaidi:

Fe₂O₃ + 3CO → 2Fe + 3CO₂

Wahunzi wa Kagera na Ufipa walikuwa wakiyeyusha chuma kwa mkaa na mifuo muda mrefu kabla ya viwanda kuja. Mmenyuko waliotegemea ni huohuo. Metali zilizo juu zaidi, kama sodiamu na alumini, hushikilia oksijeni kwa nguvu kiasi kwamba mkaa hauwezi kuzitenganisha katika tanuri la kawaida.

6. Jiko la mkaa: milinganyo mitatu inayoweza kuua

Soma sehemu hii kwa makini, hata kama mtihani umeshapita.

Jiko la mkaa lililokolea lina sehemu tatu.

*Chini,* hewa mpya huingia kwa wingi:
C + O₂ → CO₂

*Katikati,* oksijeni imepungua. Kabonidayoksaidi inayopanda hukutana na mkaa mwekundu:
CO₂ + C → 2CO

*Juu,* kabonimonoksaidi ikikutana na hewa huungua kwa mwali wa samawati:
2CO + O₂ → 2CO₂

Mwali wa samawati unaouona juu ya mkaa ni kabonimonoksaidi ikiungua. Lakini si yote huungua. Sehemu yake hutoka jikoni, na kadiri oksijeni ya chumba inavyopungua, ndivyo inavyotoka nyingi zaidi.

Gesi hii haina rangi, haina harufu na haiwashi macho. Ikivutwa, hushikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Damu inaendelea kuzunguka, moyo unaendelea kupiga, lakini oksijeni haifiki kwenye ubongo. Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na kusinzia. Aliyelala hazioni dalili hizo. Hupitiliza usingizini.

Katika nyanda za baridi kama Njombe, Makete, Lushoto au Limuru, miezi ya Juni na Julai watu huingiza jiko chumbani ili wapate joto. Husema maneno yafuatayo. Yapime kwa kemia uliyojifunza:

*"Tumesubiri moshi uishe, sasa ni salama."* Si kweli. Moshi ni chembe na mivuke inayoonekana. Mkaa uliokolea bila moshi ndio wenye sehemu kubwa nyekundu ya katikati, na hapo ndipo CO hutengenezwa.

*"Tumeweka beseni la maji karibu."* Haisaidii. Kabonimonoksaidi haiyeyuki vizuri katika maji.

*"Tungesikia harufu."* Gesi hii haina harufu.

Kinachofaa ni jiko kubaki nje, au chumba kiwe na hewa inayopita, na kamwe watu wasilale nalo. Ukimkuta mtu amezidiwa, fungua milango na madirisha, mtoe nje apate hewa safi, kisha mpeleke hospitali haraka hata akisema amepata nafuu. Usikae ndani ukitafuta jiko liko wapi, nawe utaanguka.

Ukiyaelewa haya, waeleze wa nyumbani kwenu. Huna haja ya kuwaandikia milinganyo. Waambie tu kwamba hatari haimo kwenye moshi, imo kwenye gesi isiyoonekana.

7. Namna ya kujibu ili upate alama

Swali: Eleza kwa nini grafiti hupitisha umeme lakini almasi haipitishi. (alama 4)

*Jibu dhaifu:* "Grafiti hupitisha umeme kwa sababu ina elektroni."

Jibu hili halipati kitu. Almasi nayo ina elektroni. Kila kitu kina elektroni.

*Jibu zuri:* "Katika grafiti kila atomu ya kaboni imeunda vifungo kovalenti vitatu (1), hivyo elektroni moja ya kila atomu hubaki huru kutembea katika tabaka na kubeba umeme (1). Katika almasi kila atomu imeunda vifungo vinne (1), hivyo hakuna elektroni huru (1)."

Ona jinsi jibu lilivyopita njia yetu: idadi ya vifungo, kisha elektroni, kisha tabia. Ona pia kwamba swali lilitaja vitu viwili na jibu limegusa vyote viwili.

Swali: Almasi na kabonidayoksaidi zote zina vifungo kovalenti. Kwa nini almasi ni mango gumu lakini kabonidayoksaidi ni gesi? (alama 4)

*Jibu dhaifu:* "Vifungo vya kabonidayoksaidi ni dhaifu."

Hili ni kosa kubwa. Vifungo kati ya kaboni na oksijeni ni imara sana. Kinachokuwa dhaifu ni nguvu *kati ya molekuli na molekuli*.

*Jibu zuri:* "Almasi ni mtandao mkubwa ambamo atomu zote zimeshikana kwa vifungo kovalenti (1), na ili kuiyeyusha ni lazima kuvunja vifungo hivyo imara (1). Kabonidayoksaidi ina molekuli ndogo zilizotengana (1). Nguvu za mvutano kati ya molekuli hizo ni dhaifu, hivyo nishati kidogo inatosha kuzitenganisha, nayo huwa gesi katika joto la kawaida (1)."

8. Mazoezi

Funika majibu. Andika kwanza, kisha linganisha.

1. Atomu fulani ina protoni 6, nyutroni 8 na elektroni 6.
 (a) Ni elementi gani? (b) Taja namba yake ya masi. (c) Kwa nini tabia zake za kikemia ni sawa na za kaboni-12?

2. Gramu 2.4 za kaboni safi zimeunguzwa kabisa katika oksijeni ya kutosha.
 (a) Andika mlinganyo. (b) Tafuta uzito wa kabonidayoksaidi. (c) Tafuta ujazo wake katika hali sanifu. (C = 12, O = 16; ujazo wa moli moja = 22.4 dm³)

3. Kiasi hichohicho cha kaboni kikigeuka chote kuwa kabonimonoksaidi, utapata gramu ngapi?

4. Mwanafunzi amepasha joto mchanganyiko wa oksaidi ya shaba na unga wa mkaa.
 (a) Ataona nini? (b) Ni dutu gani imepoteza oksijeni? (c) Kwa nini jaribio hili halitafanikiwa kwa oksaidi ya alumini?

5. Toa sababu mbili za kimuundo zinazofanya grafiti ifae kuwa elektrodi katika tanuri la umeme lenye joto kali.

6. Kipande cha mbao ya kale kina robo tu ya kaboni-14 iliyomo katika mti ulio hai. Kadiria umri wake.

Majibu

1. (a) Kaboni. (b) 6 + 8 = 14. (c) Ina mpangilio uleule wa elektroni, 2:4, na tabia za kikemia hutegemea elektroni za nje.

2. (a) C + O₂ → CO₂. (b) Moli za kaboni = 2.4 ÷ 12 = 0.2. Moli 1 ya C hutoa moli 1 ya CO₂, kwa hiyo moli 0.2 × 44 = gramu 8.8. (c) 0.2 × 22.4 = 4.48 dm³.

3. 2C + O₂ → 2CO. Moli 0.2 za C hutoa moli 0.2 za CO. 0.2 × 28 = gramu 5.6.

4. (a) Unga mweusi hugeuka mwekundu wa hudhurungi, na gesi hutoka. (b) Oksaidi ya shaba. (c) Alumini iko juu ya kaboni katika mfululizo wa umenyukaji, hivyo hushikilia oksijeni kwa nguvu zaidi.

5. Ina elektroni huru, hivyo hupitisha umeme. Ina vifungo kovalenti vingi imara ndani ya tabaka, hivyo hustahimili joto kali. (Ukiandika "ni laini" hupati alama, ulaini hausaidii hapa.)

6. Kutoka nzima hadi nusu: miaka 5,730. Kutoka nusu hadi robo: miaka 5,730 mingine. Jumla ni karibu miaka 11,460.

Muhtasari wa dakika za mwisho

- Kaboni: namba atomia 6, mpangilio 2:4, Kundi la IV, kipindi cha 2, valensi 4.
- Hushirikisha elektroni kwa kuwa kupoteza au kupokea nne kunahitaji nishati kubwa mno.
- Isotopu: tofauti ya nyutroni. Alotropi: tofauti ya mpangilio.
- Almasi vifungo 4, hakuna elektroni huru. Grafiti vifungo 3, elektroni huru moja kwa kila atomu.
- Oksijeni tele: CO₂. Oksijeni haba: CO, sumu isiyo na harufu.
- Swali la "kwa nini" hujibiwa kwa muundo kwanza, tabia baadaye.

Ukipata maswali manne au zaidi kati ya sita, endelea na mada inayofuata. Ukipata pungufu, rudia sehemu ya 3 na ya 4 kabla ya kwenda mbele, kwa sababu mada ya kampaundi za kaboni imejengwa juu yake.